Labib Zarif, Fundi wa Fesikh Aliyeacha Kuiamini Pua Yake

Abuna padri wetu, ndugu, majirani wa Nabaruh, na ninyi mliotoka Mansura asubuhi hii: mimi ni Awatif, dada mdogo wa marehemu, nami nimeombwa niwasomee maisha yake. Sauti ikitetemeka mnivumilie. Hofu iliyoingia nyumbani mwetu mwezi wa tatu bado haijatoka.

Labib Zarif Tawadrus alizaliwa hapa Nabaruh tarehe 11 Oktoba 1954, mtoto wa kwanza wa marehemu Zarif Tawadrus na marehemu Bahiga. Alizaliwa katika chumba cha nyuma ya karakana ya fesikh, yaani samaki aina ya mkizi wa kuvundikwa kwa chumvi, mapipa yakiwa upande wa pili wa ukuta. Mama alikuwa akisema mtoto huyu alipiga chafya kabla ya kulia.

Alisoma shule ya msingi ya mtaani kuanzia 1960 hadi 1966. Hesabu aliipenda, kuandika hakupenda hata kidogo. Miaka ile watoto wa Delta ya Nile tuliogelea mferejini na kukojoa damu kwa kichocho, basi tukapangwa mstari tukadungwa dawa, sindano ileile mkono baada ya mkono. Hakuna aliyekusudia ubaya. Kichocho kilipungua, lakini sindano ile ilipanda kirusi kwenye ini la kaka yangu, nacho kikakaa humo kimya akikua, akioa, akizeeka.

Mwaka 1967 aliingia karakanani kwa baba. Fesikh ni kazi ya kutisha kuliko mnavyodhani ninyi mnaokula tu. Mkizi akipungukiwa chumvi, au pipa likifungwa vibaya, huota ndani yake sumu isiyoonekana, na kila mwaka tunasikia mahali fulani nyumba nzima imelazwa, kope zimeshuka, kifua kimegoma kupanda. Ndiyo maana fundi hunusa. Labib alikuwa akiinua shavu la samaki, akivuta pumzi moja, kisha anasema "huyu" au "tupa", basi. Hakuna mtu aliyewahi kulazwa kwa samaki wake. Watu walinunua pua yake kabla ya samaki.

Tarehe 7 Novemba 1982 alifunga ndoa na Insaf Wadie wa Talkha. Alioga kwa ndimu wiki nzima, na bado mama mkwe alipomkumbatia kanisani alinong'ona kwa sauti iliyofika viti vya nyuma: "Insaf mwanangu, huyu ni mume, au ni fesikh nimletee vitunguu?" Kanisa likaangua kicheko, na bwana harusi ndiye aliyecheka zaidi. Walijaliwa Naim, anayefanya kazi karakanani, na Demiana, anayepima damu katika maabara ya hospitali huko Mansura.

Mwaka 2016 Labib alimeza zile dawa mpya na kirusi kikafa. Tulisherehekea kama harusi. Daktari alimwonya kwamba ini lilikwisha kujaa makovu, kwa hiyo arudi kila miezi sita, maana ini la namna hiyo huharibika kimyakimya, na damu huanza kusema kabla ya mwili. Labib akamjibu, "Daktari, moto umezimika, unaniita nije kunusa majivu?" Alirudi miaka miwili, akaacha. Wengi wenu hapa mmeacha vivyo hivyo. Nawaona mlivyokaa, na nawaogopea.

Novemba 2023 tumbo lake lilijaa maji, akakatazwa chumvi, yeye aliyeishi humo. Tangu hapo Demiana akawa anaifuatilia damu ya baba yake: alama moja ya figo, moja ya uvimbe wa ini, na moja ya amonia, sumu ambayo ini likishindwa kuichuja hupanda kichwani.

Alhamisi ya tarehe 20 Machi 2025 tulikuwa hospitalini, Demiana akaja na majibu.

"Baba, imepanda."

"Nini imepanda?"

"Amonia. Ni ileile unayoinusa samaki akianza kuharibika."

"Kwa hiyo safari hii pipa bovu ni mimi?"

Daktari alisema alama hiyo peke yake haitoshi kuthibitisha kwamba akili imeguswa. Akampa karatasi yenye namba zilizotawanywa ovyo, aziunge kwa mstari moja baada ya nyingine. Kaka yangu akawaka. "Mimi nahesabu mapipa tangu wewe hujazaliwa, kijana!" Akampokonya kalamu. Hasira za mkizi, tijara ya mvuvi. Alipofika saba akaruka hadi kumi na moja, akarudi nne, kisha akasimama kalamu mkononi, amesahau anatafuta nini. Insaf alijiziba mdomo.

Njia nzima ya kurudi sote tulikuwa tukiwaza jambo moja. Mapipa yote ya msimu alikuwa ameyatia chumvi na kuyafunga yeye, katika wiki zile tulizodhani anasinziasinzia kwa uzee. Mji mzima ungekula humo, Waislamu siku ya Idi, kisha sisi sote pamoja siku ya Shamu Nasimu, sikukuu ya machipuko, baada ya Pasaka.

Alipewa dawa ya maji ya kusafisha tumbo na kuitoa sumu ile, na baada ya siku chache akili ikatulia. Akayafungua mapipa, akanusa. Naim akanusa. Nami nikanusa.

"Nzuri, baba," alisema Naim.

"Kaka, ni nzuri, usituue kwa wasiwasi wako," nikasema.

"Pua nayo inasema nzuri," alijibu. "Lakini inamwambia nani? Si kichwa hikihiki kilichopotea kwenye saba?"

Akaamuru mapipa yote yafukiwe kwa chokaa. Naim alilia akichimba.

Likabaki kopo moja. Kwa desturi ya nyumba yetu kopo la kwanza la msimu huenda kwa jirani yetu Hagga Sabah, aliyehiji Maka, na kwetu chakula ulichompa mtu hakiombwi tena, hata ukifa njaa. Yeye alikuwa katika mfungo wa Ramadhani, amelihifadhi hadi Idi. Labib alivuka kichochoro, nami nikamfuata kwa kuogopa asipotee njiani.

"Hagga, nirudishie kopo la fesikh."

Sabah alishika kiuno. "Ami Labib! Tangu enzi za mama yangu zawadi haijawahi kuvuka kichochoro hiki ikirudi. Nimekukosea nini? Au umepata jirani mzuri kuliko mimi?"

"Hujanikosea. Ini langu limenipanda kichwani. Sijui nilitia nini humo. Wajukuu wako wasile."

Mikono ya Sabah ikashuka. "Haya umewaambia wengine?"

"Leo nawaambia wote."

"Watakucheka, ndugu yangu."

"Wacheke. Anayecheka yu hai."

Akaingia ndani, akatoka na kopo, na uso wake ulikuwa umebadilika rangi. Kifuniko kilikuwa kimelegea. Aliwaita wajukuu wote uani, na kila mmoja akaapa kwa Mungu hakugusa. Tukamwaga samaki chooni, lakini hofu haikumwagika. Tulijua sumu ile inaweza kumkuta mtu baada ya siku kadhaa. Kila asubuhi Labib alisimama dirishani na kuita, "Hagga, wameamka?" Naye alijibu, "Wote, Ami Labib!" Idi ikapita, ikapita Pasaka na Shamu Nasimu. Mji ulikula samaki wa mafundi wengine, na kweli wapo waliocheka. Yeye aliendelea kuita. Kama samaki wake walikuwa wazima au wabovu, hatutajua kamwe.

Mwezi wa tano maji ya tumboni yaliingiwa na maambukizi. Demiana ndiye aliyeona alama ya figo ikipanda, akaketi sakafuni mwa maabara na kumwomba mwenzake apime tena. Ikarudi ileile. Labib akaanza kututoka kidogo kidogo. Alisahau jina la Insaf, mimi akaniita mama, samaki hakuwataja tena. Swali moja tu halikufutika. Alifumbua macho kwa woga na kuuliza, "Wameamka?" Tukajibu wameamka, akafumba, akauliza tena. Aliaga dunia Jumanne, tarehe 27 Mei 2025, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini, Insaf amemshika mkono.

Marehemu ameacha mjane, Insaf; watoto wawili, Naim na Demiana; mjukuu mmoja, Marina; na mimi dada yake. Ameacha pia watu ambao si wa ukoo wetu wala wa kanisa letu, na nimewaandika hapa bila kumwomba mtu ruhusa: Hagga Sabah na wajukuu wake, wanaosimama pale mlangoni.

Wameamka, kaka. Wote. Mungu akupe amani isiyo na hofu, nawe upumzike.