Mko Wangapi Huko?

TURUBAI: Haloo? Ni nani?

DADA: Nani tena? Hata namba ya dada yako huijui? Tangu jana napiga, naongea na yule bibi wa mtandao tu, mteja hapatikani, mteja hapatikani!

TURUBAI: Dada! Afadhali ni wewe. Shikamoo.

DADA: Marahaba. Mbona unahema hivyo? Na hizo kelele ni mvua?

TURUBAI: Mvua imenyesha huko juu milimani. Hapa hata tone. Hii ni— [mkwaruzo] —mto.

DADA: Mto gani? Si ulisema mmepiga hema kwenye mchanga mkavu?

TURUBAI: Ndio huohuo mchanga. Kumbe ndio mto wenyewe.

DADA: Ati nini?

TURUBAI: Maji yameshuka ghafla, dada. Yamepita kulia, yamepita kushoto, sisi katikati. Pamebaki padogo, hata saluni yako ni kubwa. Na yanazidi kula mchanga.

DADA: Mungu wangu! Nani alichagua hapo?

TURUBAI: Mimi.

DADA: Wewe! Mtu unayefunga maturubai ya harusi kila Jumamosi—

TURUBAI: Ndiyo maana! Palikuwa tambarare kama sakafu. Ungepanga viti, hakuna hata kimoja kingetikisika.

DADA: Viti vya nani? Ulikuwa unamwoza nani huko porini, fisi?

TURUBAI: Utanisuta kesho. Chaji inaisha. Nitafutie watu wa uokoaji.

DADA: Na ile filimbi niliyokufungia? Na tochi? Na—

TURUBAI: Kwenye gari. Tulisema tupunguze mzigo.

DADA: Na gari?

TURUBAI: Ng'ambo.

DADA: Sikio la kufa— Toba. Sijasema kitu. Ngoja. Mama, samahani, chukua simu yako uwapigie zimamoto. Ndiyo, sasa hivi, na kichwa hivyohivyo nusu, nitakumalizia kusuka! Turubai, uko wapi hasa?

TURUBAI: Ukishavuka daraja bovu kuna mnara wa simu. Hapo unakata kushoto, njia ya ng'ombe— [anaguna] Subiri. Subiri kidogo.

DADA: Nini?

TURUBAI: Hakuna. Njia ya ng'ombe mpaka gari linapogoma. Gari letu jeupe, wataliona.

DADA: Mama, waambie daraja bovu, mnara, kushoto, njia ya ng'ombe, gari jeupe. Si harusi, mama, ni mafuriko! Haya, wanauliza mko wangapi huko.

[Maji yanasikika.]

DADA: Turubai? Mko wangapi?

TURUBAI: Wawili.

DADA: Sema wawili, mama. Wewe, mbona umefikiria?

TURUBAI: Mtandao tu, dada.

DADA: Mtandao! Shemeji yako mbona simsikii? Mtu yule hanyamazi hata usingizini. Nipe niongee naye.

TURUBAI: Yuko kwenye kamba.

DADA: Anafunga kamba?

TURUBAI: Amefungwa kamba. Kiunoni. Alisema avuke, afike kwenye gari, akaite watu. Nilimkataza, dada, unamjua mumeo. Maji yakamfagia.

DADA: [kwa sauti ndogo] Yakampeleka wapi?

TURUBAI: Kwenye kona ya mto, ameng'ang'ania mti ulioanguka. Simwoni. Nikimwita hanisikii. Ila anaivuta kamba. Akivuta, najua yupo.

DADA: Amevuta lini mwisho?

TURUBAI: Sasa hivi, nilipoguna.

DADA: Hiyo kamba umeifunga wapi?

TURUBAI: Kwenye kigingi cha hema. Lakini mchanga umelowa, kigingi kinang'oka. Nimeishika mwenyewe.

DADA: Kwa mkono gani?

TURUBAI: Wa kulia.

DADA: Na simu?

[Mkwaruzo.]

DADA: Nakuuliza, simu umeishika kwa mkono gani?

TURUBAI: Wa kushoto. Ningefanyaje, dada? Ilikuwa lazima mtu ajue tuliko—

DADA: Tumejua. Kata.

TURUBAI: Nikikata sitakupata tena, chaji—

DADA: Kata, nakwambia! Keti chini, chimbia visigino mchangani, kamba ipitishe mgongoni. Mikono miwili!

TURUBAI: Naogopa, dada.

DADA: Hata mimi naogopa, na bado nimeshika chanuo hapa! Utaogopa huku umeshika!

TURUBAI: Nisamehe. Nikirudi peke—

DADA: Usiimalize hiyo! Nimeshawaambia wawili. Wawili, Turubai! Kata simu!