Don Eleuterio na Chapa ya Saba Aliyoitunza Kupita Kiasi

Baada ya miaka thelathini na mitatu ya utumishi, Don Eleuterio Santaella, mtunza hifadhi wa Karakana ya Chapa ya La Tortolita hapa Oaxaca, anastaafu rasmi tarehe 30 Agosti. Wahariri wa jarida letu wameniomba mimi, Hermelindo wa chumba cha tindikali inayochonga mabamba, niandike wasifu wake, kwa kuwa nimefanya kazi naye ukuta kwa ukuta tangu nilipokuwa na nywele. Wameniomba niwe mkweli na niwe na heshima. Nitajitahidi katika hilo la kwanza.

Don Eleuterio alikuja kwetu kutoka duka la vitambaa la mjomba wake huko Etla, akaajiriwa kwa muda kupanga makabati. Mkurugenzi wa wakati ule alisahau kumwambia kwamba muda umekwisha, na wakurugenzi waliofuata walimwogopa. Hivyo ndivyo kipaji kinavyoibuliwa katika taasisi zetu.

Kwa desturi ya nyumba hii, msanii yeyote anayetumia mashine zetu hutuachia chapa moja, yaani karatasi moja iliyochapwa, ya kila toleo. Toleo likikamilika, bamba la shaba lililochapia hukwaruzwa lisichapishe tena, mezcal, pombe yetu kali, hunywewa, na ile chapa ya nyumba hupelekwa kwa Don Eleuterio. Ikishafika kwake, ndugu msomaji, imefika. Wapo watu hapa mjini waliofungwa jela na kutoka, wakaoa na kupata wajukuu, na chapa walizoziacha droo ya nne bado hazijaona mlango.

Ikumbukwe kwamba karakana yetu haichapishi makanisa na maua ya kuwauzia watalii. Wasanii wetu ni wale wanaochora nusu ya kazi na nusu nyingine wakaiachia dawa: rangi nyekundu ya wadudu wa mpungate inayogeuka ikiguswa na ndimu, shaba inayoota kijani, chumvi inayotambaa kwenye karatasi kama ina miguu. Kazi zetu ziko hai, husema wasanii wenyewe. Don Eleuterio alilichukua neno hilo kwa uzito, akajipa jukumu la kuhakikisha hazibaki hai.

Ndimu, kwa mfano, alizipiga marufuku jengo zima kwa sababu ya ile rangi ya wadudu. Kwa miaka mingi tumekula taco kavu kama wagonjwa wa hospitali, na mlangoni mwa hifadhi alisimama yeye akinusa vidole vya kila anayeingia. Aliwahi kumnusa askofu. Askofu alirudishwa.

Kisha kuna kisa cha Abundio, kijana wa Puebla, aliyechora nyumba ya bibi yake kwa unga wa chuma. Mchoro haukuonekana kwa macho; ulitakiwa uje wenyewe, mwaka baada ya mwaka, kadiri chuma kinavyoshika kutu. Wakusanyaji walionunua chapa nyingine za toleo lile walipata nyumba nzima, na mlango, na kuku. Yetu Don Eleuterio aliifungia kwenye bati pamoja na mchele mkavu wa kunyonya unyevu. Abundio alipokuja miaka sita baadaye, alipewa karatasi nyeupe pe!

"Mchoro wangu uko wapi?" kijana akauliza, akiigeuza huku na huku.

"Hauna hata doa," Don Eleuterio akamjibu kwa fahari.

Kijana wa watu aliondoka bila kuaga, na nasikia siku hizi anauza bima.

Mafanikio hayo yote, hata hivyo, si kitu mbele ya ile chapa ya saba, na hapa nawaomba wenye roho nyepesi wakae.

Doña Zenaida Matus mnamfahamu. Ni yule mama mzaliwa wa Juchitán anayekuja hapa kila Alhamisi, mjane, mwenye sauti inayosikika mpaka kituo cha mabasi. Miaka ishirini na miwili iliyopita alichukua kipande cha kioo, akakipaka masizi ya mshumaa, akachora juu yake kwa sindano. Kisha akakilaza juu ya karatasi iliyopakwa madini ya fedha, akaiacha kwenye jua. Jua likapita kwenye mikwaruzo ya sindano na kuchora kwa kahawia. Akatoa chapa saba, akakivunja kioo uani mbele yetu, tukanywa. Jambo moja tu hakulifanya: hakuzitia kwenye dawa ya kugandisha. Kazi ya namna hiyo ikifunguliwa mwangani huonekana vizuri kabisa, lakini mwanga ule ule unaokuonyesha ndio unaoendelea kuila, mpaka karatasi nzima iwe nyeusi. Unaiona mara moja, basi.

Chapa sita zilinunuliwa na wakusanyaji sita. Wakazifungua, wakaziona, zikaungua, nao wakatundika weusi ule sebuleni kwa majivuno, kwani mkusanyaji wa chapa ni mtu anayeweza kutundika hata mkate ulioungua ilimradi una namba na sahihi. Na wote sita, bila kuulizana, walituletea habari moja: kwenye ile karatasi alikuwamo Don Eleuterio. Ameinamia meza, miwani imepanda kwenye paji la uso, ameshika karatasi kwa ncha za vidole. Mmoja wao, daktari wa meno asiye na mzaha hata kidogo, alisema hajawahi kuona mtu akichorwa kwa mapenzi kiasi kile, na kwamba mke wake alipoiona alimtazama yeye daktari kwa jicho baya wiki nzima.

Chapa ya saba ilipelekwa kwa mwenyewe, ndani ya bahasha nyeusi. Nyuma ya karatasi Doña Zenaida alikuwa ameandika kwa penseli, mahali ambapo msanii huandika: "7/7. Ifungue adhuhuri. Nitakuwa uani."

Mwanamume mwingine yeyote, hata mpumbavu, angetafuta njia ya kwenda uani. Don Eleuterio aliitoa kifudifudi gizani, chini ya taa nyekundu isiyoichoma karatasi, kama kanuni zinavyotaka, akasoma nyuma, akafungua sajili, akaandika jina la kazi: *Ifungue Adhuhuri. Nitakuwa Uani.* Akaona ni jina refu kidogo, lakini wasanii wa kisasa ndivyo walivyo. Akaifungia droo ya chini kabisa.

Adhuhuri ile Doña Zenaida alikuwa uani. Alhamisi iliyofuata pia. Baadaye akaanza kuja na chakula, ili asionekane amekaa bure, na desturi ikashika. Naye Don Eleuterio, mtu wa adabu, hakupita pale bila kumsalimu.

"Mchana mwema, Doña Zenaida. Jua kali leo."

"Kali sana, Don Eleuterio. Linafaa kufungulia vitu."

"Labda vitu vya watu wengine. Vyangu hapana!"

Na akapita zake, akifurahi kwamba kuna msanii mmoja anayeelewa hatari za mwanga.

Mtauliza kwa nini hatukumwambia. Tulijaribu. Mimi mwenyewe niliwahi kuanza, "Mzee, ile chapa ya saba, unajua ndani yake kuna..." akaziba masikio kwa mikono miwili. "Hermelindo! Mtunza hifadhi hasimuliwi kazi ambayo hajaifungua mwenyewe! Utanitia upendeleo!" Doña Zenaida aliposikia nimejaribu, alinifuata chumba cha tindikali akiwa amekunja mikono ya blauzi.

"Ukimwambia nitakuchovya humo, kichwa kwanza."

"Lakini mama, utasubiri mpaka lini?"

"Nimetuma karatasi, sikukutuma wewe. Asiyetaka kuona hataki kuona. Lione!"

Kwa hiyo tukanyamaza, miaka ikapita, na mji mzima ulijua kwamba Don Eleuterio anapendwa isipokuwa Don Eleuterio, kwa sababu ya utaalamu wake.

Mwezi huu mambo yakabana. Mkurugenzi wetu mpya, Licenciada Pimentel, aliamuru kwamba kabla ya funguo kukabidhiwa, kazi zote zisizogandishwa zitiwe dawa, ziwekwe fremu, zitundikwe ukumbini. Beseni nilitakiwa niliandae mimi. Na mimi ninayejua dawa nilijua lingine: fedha haisubiri milele, hata gizani. Karatasi ya miaka ishirini na miwili huenda imeshafifia, na mchoro uliofifia ukiingia kwenye ile dawa hufutika kama haukuwahi kuwapo. Wakati huo huo Doña Zenaida akatutangazia kwamba mwisho wa Agosti anarudi Juchitán kwa mpwa wake moja kwa moja. Miguu imechoka, alisema. Hakutaja kingine kilichochoka, wala hatukumuuliza.

Alhamisi iliyopita Don Eleuterio akaingia chumbani kwangu na bahasha nyeusi kifuani. Akalitazama beseni.

"Dawa hii itaifanya nini?"

"Itaigandisha isibadilike tena mpaka kiama. Si ndiyo ndoto yako?"

Hakucheka. "Na msanii je? Alitaka igandishwe?"

"Soma nyuma, mzee."

"Nyuma pana jina la kazi tu."

"Nani kasema ni jina?"

"Sajili."

"Na sajili kaandika nani?"

Nimefanya kazi na tindikali maisha yangu yote na nimeona mabamba mengi yakiliwa, lakini sijawahi kuona kitu kikiingia polepole na kwa kina kama swali lile lilivyomwingia Don Eleuterio. Midomo yake ilianza kuyasoma maneno upya, moja moja. Kisha akageuka dirishani. Uani, chini ya ukuta wa maua ya bogenvilia, Doña Zenaida alikuwa anakunjua kitambaa cha tamale zake, unga wa mahindi uliofungwa kwenye majani pamoja na kamba wakavu.

"Hermelindo," akasema kwa sauti ndogo, "yule mama hukaa pale kila Alhamisi?"

"Kila Alhamisi."

"Nilidhani anapenda jua."

Akatoka. Nani alibaki kazini? Mashine zilisimama, madirisha yakajaa vichwa, na Licenciada Pimentel akawa anauliza huku na kule ni nani aliyetoa kibali. Don Eleuterio alifika mbele ya Doña Zenaida, akavaa glavu zake nyeupe za pamba, akaivuta ile karatasi kutoka kwenye bahasha, akaishika katikati yao wawili, juani.

Ilikuwa imefifia, lakini ilikuwapo. Miwani kwenye paji la uso, shingo iliyoinama, vidole. Rangi yake ilikuwa ya chai ya maziwa, na tayari pembeni ilikuwa inaanza kukoza.

"Huyu ni mimi," akasema.

"Mimi nilidhani ni askofu," akajibu Doña Zenaida.

"Mbona umenichora nimependeza hivi?"

"Macho yangu yalikuwa mabovu siku zile."

Weusi ukaingia kwenye mabega, ukapanda shingoni. Sisi dirishani tulimngoja akurupuke, aifunike kwa koti, apige kelele tuzime jua. Hakufanya chochote. Mtu aliyemfukuza askofu alisimama akaiacha kazi ya sanaa iharibike mikononi mwake, akiitazama mpaka miwani ikazama, na vidole vikafuatia mwishoni. Nililia, na sitaisingizia tindikali.

"Nimechelewa sana, Zenaida?" Hakutanguliza Doña ya heshima. Dirisha zima lilisikia.

"Sana."

"Basi tena?"

"Basi nini? Vua hizo glavu ule, chakula kinapoa."

Akazivua, moja baada ya nyingine, akatafuta pa kuziweka, akazikosea mfuko zikaanguka chini, na hakuinama kuziokota.

Kwa niaba ya wafanyakazi wote wa La Tortolita, namshukuru Don Eleuterio kwa miaka thelathini na mitatu ya bidii, ukali, na ulinzi ambao sanaa ya Oaxaca haikuuomba. Karatasi nyeusi imetundikwa ukumbini kwa amri ya Licenciada, ambaye bado anatafuta kibali. Mwezi wa Septemba mstaafu wetu anahamia Juchitán, yeye na Doña Zenaida, na si kwa mpwa wa mtu. Huko kuna joto, kuna unyevu, na kuna upepo wa kung'oa mabati: hali tatu zisizofaa kabisa kuhifadhia kitu chochote. Nenda salama, mzee wangu. Maisha yako mapya yawe mema, na safari hii yatumie mpaka yachakae.