Mama Salama, Aliyejibu Kila Walipouliza

Tarehe 30 Juni mwaka huu Bi. Mwanamkasi Haroun anastaafu baada ya kuutumikia Mradi wetu wa Maji kwa miaka ishirini na tisa. Jina hilo hulitumia karani wa mishahara peke yake. Sisi wengine tunamwita Mama Salama, nami nimeombwa niandike habari zake kwa kuwa nimekaa naye ofisi moja tangu 2009 na kumaliza chai yake nyingi ya tangawizi. Chai hiyo nimeanza kuitamani hata kabla hajaondoka.

Alizaliwa Mwingi, katika familia ya wauza nguo, akaja kwetu 1997 kama fundi wa redio. Visima vyetu tisa, kuanzia Malili hadi ng'ambo ya Mwingi, havikuwa na simu. Ni yeye aliyefunga katika kila kituo kompyuta kuukuu yenye Linux, mfumo huria ambao haulipiwi, pamoja na kisanduku kinachogeuza maandishi kuwa sauti na kuyarusha kwa redio. Kila siku saa mbili asubuhi kila kituo kiliandika "Tuko", kisha kina cha maji na hali ya pampu. Kisanduku cha ofisini kililia kama chura aliyekanyagwa, na Mama Salama akatabasamu.

Kupanda paa kufunga antena kulikuwa kazi ndogo; kubwa ilikuwa kujibu barua. Dunia ilipohamia teknolojia nyingine, waundaji wa mfumo ule, watu wa kujitolea walio nchi za mbali, walianza kuuliza kwa barua pepe karibu kila mwaka: je, bado kuna anayetumia redio hizi? Wasipojibiwa huiondoa sehemu ya mfumo inayoendesha redio hizo, na siwalaumu, maana kuitunza ni kazi. Mama Salama alijibu kila mara kwamba tuko, vituo tisa, Kitui na Makueni. Walipomtumia marekebisho ayajaribu, aliyajaribu, hata siku ya Idi.

Mwaka 2014 aliondoka kwa miezi mitatu, kwanza Hija, kisha kumuuguza mama yake. Barua zake aliniachia mimi. Swali likaja, nikadhani ni matangazo, nikalifuta. Toleo jipya la mfumo likatoka bila redio zetu, nami kwa bidii yangu yote nikaliweka kwenye kompyuta ya ofisi. Vituo vyote vikanyamaza, nikadhani kimya ni heri, nikajipongeza kwamba hakuna pampu iliyoharibika. Ya kituo cha tisa ilikuwa imekufa siku kumi na moja, na kina mama wa huko walikuwa wamerudi kuchimba maji kwenye mchanga wa mto.

Aliporejea alirudisha toleo la zamani kwa saa moja, akawaandikia waundaji kurasa mbili, na sehemu yetu ikarudishwa. Hakunikemea. Alinifundisha kujibu barua, na aibu ile ninayo mpaka leo.

Vituo vilipata mtandao wa simu kimoja kimoja. Februari mwaka huu ilikuwa zamu ya kile cha tisa, cha mwisho, na Mama Salama alikwenda mwenyewe kufungua kisanduku, nami nikiendesha gari. Mlinzi wa pampu, Mzee Mutie, alimshikia ngazi. Kwa miaka yote hiyo walikuwa wameonana labda mara sita, lakini wamesalimiana kila asubuhi. Aliposhuka, Mzee alimuuliza, "Sasa Mama, asubuhi nitakuwa naambia nani tuko?"

Tulirudi hadi Mwingi, kisanduku akiwa amekipakata.

Wiki iliyofuata swali la waundaji likaja tena. Nilimwona akiandika, akifuta, akiandika. Mwishowe alituma maneno machache: hatuko tena, mnaweza kuiondoa, asanteni kwa kutungojea. Mmoja wao alimjibu kwamba kwa miaka minne iliyopita hakujua mtumiaji mwingine yeyote. Sehemu ile alikuwa akiitunza kwa ajili ya mama huyu mmoja tu. Mama Salama alisoma, akavua miwani, akaenda kuchemsha chai.

Kisanduku cha ofisini sasa kiko juu ya meza yangu, na saa mbili asubuhi bado nakitazama. Natamani kilie hata mara moja.

Mama Salama, Mradi unakushukuru. Mungu akujalie afya, mapumziko, na wajukuu wasumbufu kiasi. Na asubuhi yoyote ukiandika kuuliza kama bado kuna mtu hapa, safari hii sitaifuta barua. Nitakujibu: tuko.