Pikipiki ya Magurudumu Matatu

Basi lilipotoka Suguti kwenda Musoma, Mama Dorotea, aliyekaa mbele yangu, alianza kumweleza jirani yake habari za pikipiki ya shemeji yake. Hawakuwa wakijuana. Jirani alikuwa Kasmiri, fundi wa mitambo ya pamba kutoka Bunda, na neno pikipiki lilimgeuza mzima mzima.

"Shemeji alitoa gurudumu la nyuma, akafunga ekseli yenye magurudumu mawili na tela la kubebea pamba ya kijiji. Juzi binti yangu Gati alishikwa na uchungu, tukampakia humo."

"Mnyororo unazungusha magurudumu yote mawili pamoja?"

"Yote, Ndugu."

"Basi hiyo haikatagi kona, mama. Inataka kwenda moja kwa moja tu."

"Ndiyo hivyo! Kwenye kona ya mtoni gurudumu la ndani likanyanyuka. Nikajirusha upande huo, nikaning'inia mpaka likarudi chini. Gati analia, shemeji analia."

Kasmiri akashika kichwa. "Na mtoto?"

"Wa kiume. Wote wazima hospitali, naenda kuwachukua."

Fundi akashusha pumzi. Mimi, ambaye hayakunihusu, nilishusha pia.

"Mungu mkubwa. Lakini chombo hicho kivunjwe."

"Kivunjwe? Zamani tulikuwaga tunabeba wazazi kwa machela!"

"Basi aachie gurudumu moja lizunguke lenyewe. Mtarudi nacho?"

"Tutarudi na basi. Sijachoka kuishi."

Basi likasimama Musoma. Walishuka wakibishana, fundi amembebea kikapu cha nguo za mtoto.