Mzee Leo, Aliyetuletea Kitu Kila Asubuhi

Marehemu baba yetu alizaliwa tarehe 9 Juni 1953, mtoto wa nne wa fundi cherehani na mkewe, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni ya reli. Alipokuwa na miaka mitatu alitoka nje jioni moja akaifuata taa ya garimoshi lililokuwa likiingia, na mlinzi wa reli akamdaka akiwa ameshakanyaga mataruma ya reli. Marehemu bibi alimfunga kengele mguuni kwa mwezi mzima. Alipenda kutusimulia hayo, na sisi tulikuwa tukicheka.

Alianza shule ya msingi mwaka 1960 na kumaliza sekondari mwaka 1971. Hakuwa wa kwanza darasani. Mwalimu wa sayansi aliandika kwenye ripoti yake, "Anauliza sana, anajibu kidogo," naye akaitundika ripoti hiyo ukutani kama cheti. Iko ukutani mpaka leo.

Mwaka 1974 aliajiriwa kuwa fundi wa redio. Mwaka 1988 alihamia chuo cha ufundi, akatunza vyumba vya kompyuta mpaka alipostaafu mwaka 2013. Huko chuoni, tarehe 2 Februari 2004, ndiko alikoanzishia ukurasa wake kwenye mtandao. Kila asubuhi, kabla ya chai, aliweka viungo vitatu vya kubofya: kimoja cha teknolojia, kimoja cha utamaduni, kimoja cha elimu. Chini ya kila kiungo aliandika sentensi mbili: utakuta nini huko, na kwa nini usijute kwenda. Siku zote alianza kwa maneno yaleyale, "Leo nimepata kitu." Ndiyo maana wasomaji wake, wengi wao watu ambao hawakuwahi kumwona, walimwita Mzee Leo.

Alifunga ndoa tarehe 18 Desemba 1979 na mama yetu, muuguzi wa zahanati, wakajaliwa watoto watatu. Kitinda mimba alipooa mwaka 2019 alimleta mkewe nyumbani. Binti huyo aliishia darasa la saba, na Baba akamfanya msomaji wake wa kwanza. "Soma, mwanangu," alimwambia. "Ukikwama wewe, jua aliyekwama ni mimi." Basi kila asubuhi mkwe alisoma, akieleweshwa au akielewa mwenyewe, kisha yeye ndiye aliyebofya ili ukurasa utoke. Siku moja mjukuu, mtoto wa mkwe huyo, aliwahi kuzipapasa herufi za kompyuta, na ukurasa ukatoka na mstari mrefu usiosomeka. Wasomaji wakauliza ni lugha gani. Baba akajibu, "Ni ya mjukuu wangu. Tafsiri inasubiri meno."

Alikuwa na masharti mawili: hakuweka asichokisoma mpaka mwisho, na hakurudia. "Siku nikirudia," alisema mbele yetu sote siku ya kustaafu kwake, "fungeni duka." Tulicheka. Mama hakucheka.

Mwezi Machi 2022, kwenye kiungo cha elimu, aliweka habari ya ndege wanaosafiri usiku. Aliandika kwamba ndege hao hupotezwa na taa za miji. Wakiukuta mnara unaowaka huuzunguka na kuuzunguka mpaka wachoke na kuanguka, ilhali taa zikizimwa huikumbuka njia wenyewe. Watu waliipenda sana. Mwezi Mei ndege wakarudi, kwa maneno yaleyale, mpaka mkato.

"Baba, hii si ilishatoka?" mkwe wake aliuliza, mtoto akiwa mgongoni.

"Lini?"

Akamwonyesha. Baba alikitazama kioo cha kompyuta, kisha akageuka akautazama mlango, kama mtu aliyesikia hodi peke yake.

"Usimwambie mama yako."

"Mama anajua, Baba."

Ni kweli. Macho ya muuguzi yalikuwa yameona mapema, na mdomo wa mke ukanyamaza.

Baba akaandika karatasi kwa mkono wake, NDEGE WASHATOKA, akaibandika juu ya kioo. Ilimsaidia kwa muda. Asubuhi moja ya Agosti aliibandua, akauliza kwa upole, "Nani ananiandikia vikaratasi?" Hati ilikuwa yake.

Ndege walirudi baada ya mwezi, halafu baada ya wiki, halafu siku moja baada ya nyingine. Kaka mkubwa akaitisha kikao. "Alisema mwenyewe tufunge. Watu watamcheka."

"Wacheke," Mama akasema. "Kwani wao hawana wazazi?"

Wote wakamgeukia mkwe, kwa kuwa mkono wa kubofya ulikuwa wake. Akasema, "Ngojeni nimuulize mwenye duka."

Alimuuliza asubuhi ambayo kichwa cha Baba kilikuwa kimetulia. Baba aliiacha chai ikapoa, kisha akaandika: "Wasomaji wangu, nimeanza kupotea. Mkiona nimerudia, kwenu ni cha zamani, kwangu ni cha leo. Aliyechoka aende kwa heri." Hakuna aliyeaga. Tangu hapo, kila ndege waliporudi, mtu fulani mbali huko aliandika, "Asante, Mzee Leo, hili sikulijua." Baba alifurahi kila mara. Mkwe wake aliyasoma majibu hayo kwa hofu. Aliona watu wameanza kusema na Baba taratibu, kama anavyosemeshwa mtoto anayekaribia kulala.

Mwaka 2024 kiungo cha teknolojia kilikoma, kikafuata cha utamaduni. Wakabaki ndege peke yao.

Jioni ya tarehe 11 Oktoba 2024 mvua ilikuwa ikinyesha, na mkwe alikuwa akimwogesha mtoto. Mlango wa uani ulifunguliwa, na safari hii hapakuwa na kengele. Tulimkuta kwenye kituo cha mafuta mwisho wa barabara, pale penye zile taa kubwa, amelowa chapachapa.

"Anazunguka hapa tangu giza lilipoingia," mhudumu wa pampu alituambia. "Nimemwita, 'Mzee, unamtafuta nani?' Hata hanisikii. Anaangalia juu tu."

Alipatwa na homa ya mapafu. Alilazwa, na kila asubuhi mkwe aliwatoa ndege kwa niaba yake; kisha Baba akaomba arudishwe nyumbani. Jioni ya tarehe 18 alikunja uso kwa sababu ya taa ya chumbani, mkwe wake akaizima. "Ahsante, mwanangu," akasema. "Sasa naona." Hakusema tena. Alifariki tarehe 19 Oktoba alfajiri, Mama akiwa ameushika mkono wake. Asubuhi hiyo, kwa mara ya kwanza tangu mwaka 2004, ukurasa haukutoka.

Ameacha mjane, watoto watatu, wakwe wawili, mjukuu mmoja ambaye kila asubuhi bado anapanda kiti cha babu yake kuzitafuta herufi, na wasomaji ambao hatujui idadi yao.

Leo jioni familia itazima taa zote za nje. Majirani, tunawaomba nanyi mzime zenu, japo kwa saa moja.

Baba, pumzika kwa amani. Isikuite tena taa yoyote.