Aline Anatafutiwa Kuku wa Maonyesho

— Elfu sitini nzima kwa jogoo mmoja na matetea wawili? Gharibu, kichwani zimo kweli?

— Zimo, na zimejaa. Kuchi si kuku, Mizani. Kuchi ni askari!

— Mtoto anataka kuku wa kufuga. Nani kakwambia anaajiri mlinzi?

Hapo nilikuwa nimeshasimama, kahawa imenimwagikia suruali. Kijiwe chetu kiko njia panda ya Rungwe Mpya, ubavuni mwa mashine ya kusaga: benchi moja la mbao za mkaratusi na birika la Esteri muuza kahawa, basi. Mimi wananiita Mizani kwa kuwa nanunua maharage, na mizani yangu haijawahi kumwibia mtu hata punje. Gharibu kwao ni Ujiji, zamani utingo wa malori. Pasikali ni Redio. Kila analolijua kalisikia kwenye redio, nusu yake akiwa amesinzia. Fidele tunamwita Vwala, neno lake la kufungia kila hoja. Kiswahili chake alikiokota kambini kwa Wakongo na hajakirudisha. Siku hiyo ya Jumatano tulikuwa na shilingi elfu sitini kwenye kopo, mchango wetu kwa Aline, binti wa mwenzetu Nkunzimana. Bodaboda ilimwangusha Nkunzimana njia ya Kibondo, akavunjika paja, na kuku wote wa nyumba ile waliuzwa kulipia hospitali. Sasa shuleni kumetangazwa maonyesho ya watoto wafugaji, mwezi wa nane. Mtoto anaanza na vifaranga, wa kununua au wa kutotoleshwa kwake, anawalea mwenyewe, na mshindi anapewa mbuzi jike. Aina ya kuku inatakiwa kuandikwa kwa mwalimu Ghati kabla ya Ijumaa. Mnaona wenyewe jinsi mbuzi yule alivyohitajika kwenye nyumba ile.

— Achaneni na kuchi, alisema Redio. Chotara! Miezi mitatu tu, kilo mbili na nusu. Hiyo ni sayansi.

— Chotara hana mama, Gharibu akadakia. Katotoleshwa na mashine. Wahenga walisema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Mwewe akitua, chotara anamsogelea amwamkie.

— Ndiyo maana bandani unamwekea redio. Kuku akisikiliza taarifa ya habari anatulia. Anataga. Ni utafiti.

— Utafiti wa nani?

— Wa wataalamu.

— Wataalamu wepi, Pasikali?

— Betri iliisha kabla hawajatajwa.

Esteri alicheka mpaka akakosea kikombe. Vwala alikuwa anakoroga kahawa isiyo na sukari.

— Miye nasema kishingo, alisema. Ile ya shingo tupu. Batu ya kupima bataiona, batacheka. Na mutu mwenye kucheka hawezi kukunyima maksi. Vwala!

— Watamcheka kuku au watamcheka mtoto? nilimuuliza.

— Mizani, weye uko na hasira kama maji ya ugali.

— Nina akili, ndiyo inayonichemsha.

Gharibu akavuta benchi mbele, kama dereva anayetafuta gia.

— Sikilizeni, wazee. Tunamchukua kuchi, tunampeleka Murungu, kuna kanga kule porini. Tunawafungia pamoja. Kinachozaliwa kina urefu wa kuchi na madoadoa ya kanga. Jaji akikiona atavua kofia.

— Kanga na kuku watakubaliana?

— Penye nia pana njia! Na damu nzito kuliko maji.

— Hiyo ya damu imeingiaje?

— Imeingia, tayari imekaa. Tuendelee.

— Kama ni madoadoa, alisema Vwala, ya nini kusumbua kanga? Tununue rangi. Bawa moja kijani, moja bluu, mkia njano. Kuku ya bendera! Nani ataipa bendera namba mbili?

— Mvua ikinyesha?

— Mwezi wa nane hakuna mvua, alisema Redio. Hilo nililisikia.

Nikaona giza. Niliwaambia jaji atamshika kuku yule na mikono yake itabaki ya kijani, na mtoto wa Nkunzimana atasimama pale mbele ya shule nzima kama mwizi. Niliwaambia mimi sikutoa elfu ishirini zangu kufundisha mtoto uongo. Kama tumeshindwa kumpa kuku wa kweli, tumpe hela yake aende.

— Mizani, punguza sauti, alisema Esteri. Mwenyewe huyo.

Aline alikuwa anakuja na sare ya shule, tenga tupu kichwani, karatasi mkononi. Ana miaka kumi na mmoja, mwembamba, na anatembea kama mama yake, bila kupoteza hatua.

— Shikamooni, wazee wangu.

— Marahaba, mwana wetu. Baba anaendeleaje?

— Anakaa sasa. Jana alikaa mpaka chai ikaisha.

Tukafurahi kwa kweli. Redio akamsogezea nafasi kwenye benchi, ila yeye akabaki amesimama. Akatuonyesha karatasi.

— Hapa wanauliza aina, na hapa wanauliza mbegu imetoka wapi. Mwalimu Ghati amesema siku ile jaji ataniuliza habari za kuku wangu. Mama yao alikuwa nani, wanaugua nini, wanakula nini. Asiyejua anakatwa maksi.

— Andika Singida, alisema Gharibu. Kuchi wanatoka Singida.

— Mzee, mimi Singida siijui.

— Andika basi mashine, alisema Redio.

Akatutazama mmoja mmoja, bila ukali.

— Hao kuku mnaowafuga nyumbani kwenu, mbegu yao mliitoa wapi?

Redio akaangalia juu. Gharibu akainama kufunga kamba ya kiatu, na alivaa ndala. Esteri akaanza kuosha vikombe visafi. Kila mmoja alijua. Kwetu kuna kuragiza: nakupa tetea wangu umfuge kwako, na kila akitotoa, vifaranga tunagawana nusu kwa nusu. Nkunzimana alituragiza sisi wanne, tetea mmoja mmoja, wale wake wa miguu mifupi, mwaka ambao kideri kilisafisha kuku wa kata nzima na wake wakabaki. Mayai ya ukoo ule tunakula mpaka leo. Nusu yake hakuna aliyempelekea. Hata mimi, na mizani yangu.

— Mwewe, mwanangu, alianza Gharibu. Mwewe walikuwa wengi mwaka ule.

— Na wakwe walinitembelea, nikawachinjia, alisema Redio.

— Ego, ndiyo, alisema Aline. Baba aliwataja na wakwe.

Nikainua kopo.

— Chukua hizi, mwanangu. Elfu sitini, zote zako.

Akapokea kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo.

— Asanteni sana. Zitatosha chanjo na pumba mpaka mwezi wa nane. Na kuku?

— Baba yako kakutuma utudai? aliuliza Vwala, taratibu.

— Hapana. Amenikataza. Amesema mtu aliyelala hadai.

Akateremsha tenga, akaliweka chini katikati yetu, akafungua mlango wake.

— Mimi nimesimama. Baba Pasikali, vifaranga watatu. Mzee Gharibu, watatu. Baba Fidele, wanne. Na wewe Baba Mizani, wako alitotoa mara mbili: saba. Nawataka leo.