Kombo Yumo Ndani

Benchi letu liko Port Reitz, ng'ambo ya barabara kutoka chumba cha video cha Nguma, na limeundwa kwa mbao zilizotoka uwanja wa ndege kwa njia ambayo Rubani hapendi kuulizwa. Rubani si rubani. Jina lake Changawa, kazi yake kupakia mizigo kwenye ndege, lakini ukimwita mpakizi haitiki. Ubavuni mwake hukaa Bakari, tuliyempa jina la Sensa kwa sababu serikali ilimwajiri siku chache ahesabu watu, kazi ikaisha, yeye akaendelea. Mzee Ishaka, mtu wa Jomvu Kuu, hutuuzia kahawa na kututukana kwa bei ile ile moja. Na Jumamosi ile baada ya alasiri, pembeni kabisa mwa benchi, alikaa Luqman, maiki yake ameizungushia kitambaa kama mtoto mwenye homa. Miaka sita Luqman ndiye aliyetufasiria picha kwa Nguma: picha inakwenda, sauti yake imepunguzwa, yeye anaeleza kwa Kiswahili chetu. Alhamisi Nguma alimwambia asirudi. Ameleta picha ya shujaa wa kuruka, steringi wake, yaani mchezaji mkuu, ni nyota wa dunia, na nyota wa dunia, alisema Nguma, hahitaji mkalimani. Bango amelibandika mlangoni. Mlango mwembamba, bango refu, kwa hivyo alilikata chini kwa mkasi, kisha akaandika juu yake kwa rangi nyekundu: KOMBO YUMO NDANI.

Rubani: Leo chumba kitajaa mpaka watu wapakatane. Kombo hakosi watu. Uso ule peke yake watosha.

Mzee Ishaka: Uso upi? Yuwavaa kinyago tangu mwanzo hata mwisho.

Rubani: Taya, mzee! Kinyago kimeliacha taya nje. Taya kama lile utalipata wapi?

Sensa: Tuleteni hesabu, tuache mataya. Mwezi uliopita Kombo alikuwemo, wakaingia watu sitini na mmoja. Wiki iliyofuata hakuwemo, wakaingia sitini na mmoja.

Mimi: Basi nyota hana kazi.

Sensa: Kazi ni ya pangaboi. Tangu Nguma atundike lile jipya, watu ishirini huingia, hulala kwa upepo wake, hutoka wakiisifu picha.

Rubani: Yaani wale wenye kutengeneza picha wanamwaga mamilioni kwa nyota, kumbe wangenunua pangaboi?

Sensa: Hawajaniuliza.

Mzee Ishaka: Nyote wajinga. Ni nguo. Askari wa benki wamjua jina lake? Humjui. Na wamwogopa. Ni ile nguo. Mvisheni Rubani nguo ya kubana, na joho mgongoni, muone kama chumba hakitajaa.

Mimi: Kitajaa. Tumbo lake litachukua safu tatu za mbele.

Ndege ikapita juu yetu. Tukanyamaza wote, kama ilivyo desturi ya mtaa huu, kila mmoja ameshika neno lake mdomoni lisimpotee. Ilipokwisha kupita, Rubani alikuwa na neno kubwa kuliko alilolishika.

Rubani: Mimi Kombo nimembebea begi.

Mzee Ishaka: Lini?

Rubani: Mwaka jana. Alipita hapa kimyakimya, anakwenda kupumzika Diani.

Sensa: Begi lilikuwa na jina?

Rubani: Mtu mkubwa aandike jina begini? Ili aibiwe?

Mzee Ishaka: Basi ulijuaje kuwa ni lake?

Rubani: Lilikuwa zito, lakini uzito wa heshima. Nguo ile ya kuruka ni chuma, mzee. Wallahi mgongo waniuma hadi leo.

Sensa: Siku hizo wewe ulibeba begi la Kombo yupi? Maana Kombo wako saba.

Rubani: Saba?

Sensa: Nimewahesabu. Mmoja wa kuruka. Mmoja wa kupigwa. Mmoja wa kuanguka kutoka ghorofani. Mmoja wa kulia, mmoja wa kubusu...

Mzee Ishaka: Astaghfirullah!

Sensa: ...mmoja wa sauti. Na huyo mwenyewe, yeye ni wa kutia sahihi na kula.

Rubani: Niliyembebea begi mimi alikuwa yupi?

Sensa: Wa kula. Ndiyo maana lilikuwa zito.

Tulicheka mpaka benchi likalia. Luqman hakucheka. Kwa kawaida yeye ndiye angetuokota hapo na kutupeleka mbali zaidi, angempa yule Kombo wa kula mke na majirani. Leo alikuwa akikikunja na kukikunjua kitambaa cha maiki, na mimi, ambaye mdomo wangu haujui kupumzika, nilimwonea uchungu. Kwa hivyo nikamtafuta Nguma kwa macho. Alikuwa mlangoni pake, shati limepigwa pasi.

Nguma: Karibuni! Leo ni sauti halisi! Hakuna mtu wa kuwakatiza!

Alilisema akitazama kila mahali isipokuwa benchi letu.

Mimi: Hongera, Nguma! Na mbao za kukalia je, nazo umezifukuza kazi?

Akarekebisha ukosi wa shati lake. Mzee Ishaka akaliinamisha dele lake la kahawa mpaka likasimama kichwa chini, akapata kikombe kimoja tu, akampa Luqman bila kumuuliza.

Mzee Ishaka: Kahawa ndiyo hiyo imekwisha. Atakayetaka nyingine na angoje kesho.

Hapo ndipo alipotufikia dada mmoja, mwavuli mkononi, macho kwenye bango.

Dada: Habari zenu wazee. Naitwa Quinter, nimehamia hapo nyuma juzi. Hii picha iko aje?

Rubani: Dada yangu, utauliza? Kombo yumo!

Quinter: Kombo ndiye nani?

Rubani: Huyo hapo! Nyota wa dunia nzima!

Quinter: Sawa. Na huko kwao anaitwa nani?

Rubani akatazama juu, nadhani akiomba ndege. Sensa akaanza kuhesabu kwa vidole, hata sijui alikuwa akihesabu nini. Mzee Ishaka akapata haja ya kufuta vikombe vilivyokwisha kufutwa. Na mimi mwenyewe, ninayemwambia kila mtu kuwa nimeziona picha zote za Kombo, nilitazama viatu vyangu.

Sensa: Jina lilikuwa hapo chini ya bango. Nguma amelikata.

Quinter akavuka akamuuliza Nguma. Tulimwona Nguma akikuna shingo, akilionyesha lile andiko lake jekundu. Quinter akaturudia.

Quinter: Yeye pia anasema ni Kombo.

Luqman: Kombo ni mjomba wangu.

Ndiyo mara yake ya kwanza kusema siku hiyo.

Luqman: Fundi baiskeli, Jomvu Kuu. Siku ya kwanza ya kazi, jina la steringi lilinishinda ulimi. Watu wamekaa, wanangoja. Nikampa la mjomba.

Mzee Ishaka: Kombo wa baiskeli? Yule wa meno mawili?

Luqman: Huyo huyo.

Sensa: Na adui? Yule Bwana Jaa, mwenye kutoka Mwakirunge?

Luqman: Asubuhi ile nilikuwa nimepita Mwakirunge, kwenye jaa la taka za mji. Harufu nilikuja nayo.

Rubani: Kwa hivyo lile begi...

Mzee Ishaka: Lilikuwa na pampu.

Quinter akacheka, akasema basi lazima akamwone huyo mjomba, akaingia. Watu walikuwa wakiingia kweli. Ilipofika saa kumi na moja Sensa akatangaza themanini na wanne, hajapata kuona. Rubani akasimama.

Rubani: Mnaona? Nyota ni nyota! Bila mkalimani, bila lolote!

Nasema kweli, iliniuma. Luqman alikunywa funda lake la mwisho akakishika kikombe kitupu kwa mikono miwili.

Picha ikaanza. Tulipokaa tulisikia milipuko, kisha Kiingereza kirefu, kisha milipuko. Ikapita robo saa. Halafu tukaisikia sauti ya Nyamvula, muuza mihogo, ambaye hajakosa picha hata moja na sauti yake haihitaji maiki.

Nyamvula: Nguma! Kombo ni yupi hapo?

Nguma: Huyo mwenye joho!

Nyamvula: Huyo si Kombo! Kombo asingenyamaza hivyo akitukanwa!

Mwingine akapiga mbinja. Mwingine akauliza Bwana Jaa atakuja saa ngapi. Kisha Nyamvula akatoka, akavuka barabara, akakaa chini mbele ya benchi letu na kukunja miguu. Wakatoka wawili. Wakatoka kumi. Quinter akatoka na mwavuli wake akaufungua. Sensa alikuwa akihesabu kurudi nyuma, midomo ikicheza, mpaka barabara ikawa imejaa watu waliomwelekea Luqman, wametulia.

Mimi: Ndani amebaki nani?

Sensa: Pangaboi.

Alilisema kwa huzuni ya mtu aliyefiwa.

Mwisho akatoka Nguma. Alipita katikati ya watu polepole, shati lake la pasi limelowa mgongoni, akasimama mbele ya mtu aliyemfukuza Alhamisi.

Nguma: Luqman, ndugu yangu. Watu wanamuulizia Kombo.

Luqman hakuinua kichwa.

Luqman: Waambie yuko kijiweni. Anamalizia kahawa.

Nguma akakitazama kikombe. Kilikuwa kikavu, kila mtu alikiona. Mzee Ishaka akainuka, akalitwaa dele tupu, akalifuta mdomo, akamimina pasipo kitu, taratibu, mpaka kikombe kikajaa. Luqman akakiinua karibu na midomo, akapuliza ipoe.